Hodi ya Mwenye Nyumba

Dungu halina mlango. Ni jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya shamba la mpunga, lina paa la makuti na ngazi ya kupandia, basi. Kwetu Maparoni, kwenye delta ya Rufiji, familia huhamia madunguni msimu wa kuamia ndege, na mtu akija unamwona tangu yuko mbali, naye anakuona. Hata hivyo atasimama kwenye tope, atatazama pembeni na kuita, "Hodi!" Atangoja. Usipoitikia ataita mara ya pili, kisha ya tatu, halafu atageuza njia, hata kama anauona mguu wako unaning'inia. Kukuona si hoja. Hujamkaribisha.

Nilipokuja Dar es Salaam kusoma shahada ya umahiri ya historia, nilipanga chumba Sinza. Choo ndani, kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na ya mwezi mmoja kwa dalali. Wiki ya tatu nilikuwa nimetoka kuoga, nimejifunga khanga moja, nikasikia ufunguo unazunguka kwenye kitasa. Mlango ukafunguka. Baba mwenye nyumba akaingia, fundi bomba nyuma yake, na alipokwisha kukanyaga mkeka wangu ndipo akasema, "Hodi."

Nikamjibu, "Shikamoo baba." Nimelelewa hivyo. Nimesimama na khanga inachuruzika maji, nimeshika pindo kwa mikono miwili, na kilichonitoka mdomoni ni shikamoo.

Jioni nilimfuata barazani. Nikamwomba kwa adabu kwamba siku nyingine akitaka kuingia anipigie simu kwanza. Hakukasirika. Alicheka kama mzee anavyocheka mtoto akiuliza jua linalala wapi. "Mwanangu," akasema, "nyumba hii nimeijenga mimi, tofali kwa tofali. Nipige hodi kwangu?"

Nilihama kodi ilipokwisha, lakini swali lake nilihama nalo. Kwa upande wake lilikuwa swali la haki kabisa. Ikiwa nyumba ni yako, hodi ya nini? Nimekaa nalo maktaba muda mrefu kuliko nilivyokaa na mada ya tasnifu yangu, na msimamizi wangu asisome hapa.

Nianze na tulichofundishwa chuoni, namaanisha chuo cha Kurani, si chuo kikuu. Surat Nur, aya ya 27, inawaagiza waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu waliomo. Aya ya 28 inasema ukiambiwa rudi, rudi. Hodi tatu zenyewe zimo katika hadithi za Mtume. Baba mwenye nyumba angeweza kunijibu kwamba aya inazungumzia nyumba "zisizo zenu", na ile ilikuwa yake. Ila aya ya 29 inaendelea: si vibaya kuingia nyumba zisizokaliwa na watu, ambamo mna vitu vyenu. Hapo nilipofika nilirudi nyuma nikasoma tena. Kinachoondoa hodi ni nyumba kutokaliwa na mtu. Kuwa na mali yako humo peke yake hakutoshi. Na aya ya 58 ya sura hiyo hiyo inaingia ndani zaidi: hata watoto na watumishi wa humo humo nyumbani wabishe hodi nyakati tatu, kabla ya sala ya alfajiri, mchana watu wanapovua nguo kupumzika, na baada ya isha. Mtoto apige hodi kwa mama yake, chini ya paa ambalo yeye mwenyewe analala. Kwa kipimo hicho hodi inamfuata anayekaa, awe amejenga au hakujenga.

Hilo sikulisoma likanishangaza sana, maana nyumba za pwani zimejengwa hivyo hivyo. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zina baraza nje, daka mlangoni, kisha ukumbi, na kila hatua mgeni hupunguziwa haki yake ya kusonga mbele. Wengi huishia barazani na kahawa yao, wameridhika. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3 tu, na sababu yake iko kwetu. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo bila kupinda. Boriti hizo zilikatwa katika delta hizi, ya Rufiji ikiwa kubwa kuliko zote Afrika Mashariki, zikapakiwa majahazini kwenda Unguja, Lamu, mpaka Uarabuni. Nikiwa mdogo nilikuwa naona fahari kwamba mabwana wa Unguja walilala katika vyumba vilivyopimwa kwa miti yetu. Sisi wenyewe tulijengea miti hiyo hiyo, tukakandika udongo, tukatundika pazia mlangoni. Mlango mchana huachwa wazi; pazia ndilo linalosema.

Sasa angalia neno kodi. Kiswahili kinatumia neno moja kwa unachomlipa mwenye nyumba na unachoilipa serikali, na kwa historia yetu sioni kama ni bahati mbaya. Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba katika koloni lao, na kuanzia 1898 nyumba ya kawaida ya shamba ilidaiwa rupia 3 kwa mwaka. Ili idaiwe ilibidi kwanza ihesabiwe. Mtu aliyejenga kwa miti yake, kwenye ardhi ya babu zake, akawa ghafla analipia kulala kwake, na akida akawa na sababu ya kuja mlangoni. Miaka saba baadaye, Julai 1905, vita vya Majimaji vilianzia Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi kusini mwa mto wetu. Vilikuwa na sababu nyingi, pamba ya kulazimishwa ikiwa mbele, lakini kodi ya nyumba imo katika orodha ya kila mwanahistoria.

Unguja mgogoro ulikuwa na sura nyingine. Ng'ambo, ng'ambo ya kile kijito kilichoitenga na Mji Mkongwe, watu walijijengea vibanda vyao wenyewe kwenye viwanja vya watu wengine, wakalipa kodi ya ardhi. Nyumba yangu, ardhi yako. Ilidumu hivyo kwa mapatano ya midomo mpaka miaka ya 1920, wenye viwanja walipopandisha kodi. Mwaka 1928 wapangaji waligoma kwa wingi, na serikali ya kikoloni ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi hizo. Wagomaji wale walikuwa na jibu la swali la baba mwenye nyumba wangu, wakalisema kwa kutotoa pesa. Anayekaa ana lake.

Bara, Waingereza walikuja na sheria zao ndani ya sanduku. Tarehe 22 Julai 1920 ndiyo siku ambayo sheria za Kiingereza za wakati huo zilihesabiwa kuwa zimeingia Tanganyika, na pamoja nazo ikaingia kanuni moja ya zamani: mwenye nyumba akishakupangisha, anachukuliwa ameahidi utakaa kwa amani na utulivu bila yeye kukubughudhi, hata kama hamkuandikiana. Ni kanuni nzuri. Sidhani kama iliwahi kufika Kariakoo.

Kariakoo, mtaa uliochukua jina la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndiko chumba cha kupanga kilikopata umbo tunalolijua. Nyumba ya Kiswahili ya mjini: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, nyuma ua wenye jiko, kisima na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vingine, na wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake, waliowekeza huko kwa sababu mlango mwingine wa uchumi haukuwepo. Mpangaji alikuwa na chumba, kitanda na pazia. Ukumbi, ua, choo na masikio vilikuwa vya wote. Katika nyumba ya namna hiyo mwenye nyumba ni mama yako wa mjini, atakuuguza ukiumwa, atakuuliza mgeni wako wa jana ni nani, na atafunua pazia bila kufikiri mara mbili. Siwezi kuiita dhuluma moja kwa moja. Ilikuwa aina ya udugu, nao udugu hauna stakabadhi.

Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha. Tunapolisimulia tunakumbuka benki na viwanda, tunasahau kwamba mwenye nyumba naye aliguswa humo. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo: nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nyingi za Watanzania wenye asili ya Kiasia katikati ya miji, zilichukuliwa, akawekwa Msajili wa Majumba kuzisimamia, mpaka mwaka 1990 zilipokabidhiwa kwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mwenye nyumba akawa Serikali. Nimesoma mengi juu ya kodi za wakati ule na fidia ambazo hazikulipwa. Juu ya mlango, yaani nani aliruhusiwa kuufungua na kwa taarifa gani, nimesoma kidogo sana. Siasa yetu ilijua kuuliza nyumba ni ya nani. Nani anakaa humo na amevaa nini haikuwahi kuwa ajenda ya mkutano.

Ni kweli karatasi zipo. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake, unyumba wake na maskani yake. Soma maneno hayo kwa Kiswahili chake: unyumba, maskani. Maskani ni mahali unapokaa. Katiba haikusema mahali unapomiliki. Ibara hiyo iliingia na mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984, ikaanza kudaiwa mahakamani 1988. Mwaka huo huo wa 1984 ilitungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyokuwa na mabaraza ambako mpangaji angeweza kwenda na malalamiko yake. Ikafutwa mwaka 2005, soko likiwa limeshika usukani. Kilichobaki ni Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Ndani yake ile ahadi ya Kiingereza ya utulivu imo, na mwenye nyumba ana haki ya kuingia kukagua hali ya nyumba kwa nyakati zinazofaa. Nyakati zinazofaa! Baba mwenye nyumba wangu alikuja saa 10 jioni. Hakimu angeweza kuona zinafaa sana.

Waingereza wenyewe waliandika kwa saa, na aibu nayo waliipata. London ya miaka ya 1950 ilikuwa na mtu aliyeitwa Peter Rachman, mwenye majumba mengi mitaa ya Notting Hill. Alipotaka kuwatoa wapangaji wa zamani waliolindwa na sheria ya kodi, aliwafanyia kila adha mpaka wakatoka wenyewe, kisha akajaza vyumba wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi ambao hakuna mwingine aliyekubali kuwapangisha, kwa bei ya kuwakamua. Alikufa 1962, mwaka uliofuata jina lake likaibuka katika kashfa ya waziri Profumo, na taifa zima likataka kujua vyumba vile vilikuwaje. Sheria ya mwaka 1965 ikafanya kumbughudhi mpangaji kuwa kosa la jinai. Sheria ya mwaka 1985 inasema kwamba mwenye nyumba anayetaka kukagua matengenezo atoe taarifa ya maandishi saa 24 kabla. California nayo ina saa zake 24. Saa 24 ni hodi iliyopigwa jana.

Wajerumani, wale waliotuhesabia vibanda, wamefika mbali kuliko wote. Mwaka 1993 Mahakama yao ya Katiba iliamua kwamba haki ya mpangaji kukaa katika nyumba aliyopanga ni mali, inalindwa na ibara ile ile ya Katiba inayolinda mali ya mwenye nyumba. Wawili, nyumba moja, kila mmoja ana lake. Na mwaka 2014 mahakama yao kuu ya kesi za madai ilipata kesi ambayo nimewasimulia watu wengi mpaka wamenichoka. Mama mwenye nyumba alikubaliana na mpangaji aje kuangalia vifaa vipya vya kugundua moshi. Alipofika akataka kupita na vyumba vingine, akafungua na dirisha. Mpangaji akamwambia atoke, akakataa. Mpangaji akamkumbatia kiwiliwili, akambeba, akamtua nje ya mlango. Mama akavunja mkataba, akaenda mahakamani. Akashindwa. Mahakama ikasema mwenye nyumba hana haki ya kukagua hivi hivi tu bila sababu mahususi, naye ndiye aliyevuka mpaka kwanza.

Nilipoisoma nilijiona Sinza, na khanga yangu, nikimbeba yule mzee mpaka barazani. Nilicheka peke yangu maktaba. Kisha nikakumbuka nyumbani, kicheko kikaisha.

Maana kwetu Maparoni sisi ndio wenye nyumba.

Bibi ana chumba cha uani anachopangisha. Kijiji chetu ni cha kufikia kwa boti kutoka Nyamisati, na boti hufuata maji, kwa hiyo mwalimu mpya, mganga au mchuuzi wa samaki akifika lazima apate pa kulala. Mwaka 2017 aliyekuwemo ni kijana mnunuzi wa kaa, ametokea mbali, mpole, analipa mapema. Mwaka ule unajulikana. Kibiti, Rufiji na Mkuranga watu waliuawa, wengi wao viongozi wa vijiji na vitongoji, na askari pia; pikipiki zilizuiwa kutembea usiku; polisi wakaunda kanda maalumu ya Rufiji. Delta yetu ina vijito visivyohesabika na kila mgeni akawa anatazamwa mara mbili. Mimi nilikuwa na miaka 16, nipo nyumbani likizo.

Siku moja kijana alikwenda dagoni kwa wavuvi kuchukua mzigo. Bibi aliniita. Hakuna aliyemwagiza, nataka hilo lieleweke; ilikuwa hofu yake mwenyewe. Alitoa ufunguo wa pili kwenye kibweta chake, akafungua, akaniambia, "Wewe umesoma. Angalia makaratasi yake." Nikaingia. Sikupiga hodi. Niliinua godoro, nikafungua begi, nikapekua daftari la hesabu za kaa, kilo na bei, kilo na bei, na nyuma ya daftari barua aliyokuwa anaiandika kwa mwanamke, haijaisha. Niliisoma yote. Kisha nikamwambia Bibi hakuna kitu.

Miaka kadhaa baadaye, nikifuatilia swali la baba mwenye nyumba, nilikutana na kesi ya Marekani ya mwaka 1961, ya mpangaji wa Georgia aliyeitwa Chapman. Mwenye nyumba alikwenda kumwalika kanisani. Hakumkuta, akasikia harufu kali ya pombe inayochachuka, akaita polisi, akawaruhusu waingie kwa dirishani. Walikuta mtambo wa gongo. Mahakama Kuu ya Marekani ikasema upekuzi ule haukuwa halali: mwenye nyumba hawezi kumtolea ruhusa mpangaji, hata kama ndani kweli kuna gongo. Sisi hatukumwita mtu yeyote. Ila najua kwamba kama ningekuta kitu kisichoeleweka katika daftari lile, namba au jina la ajabu, Bibi angekwenda kuwaambia watu, na mwaka ule mtu kutajwa lilikuwa jambo zito.

Kijana alirudi jioni. Alikaa chumbani muda mrefu na mlango umefungwa. Kesho yake asubuhi maji yalipojaa alipanda boti na kaa wake, akamwamkia Bibi kama kawaida. Hakurudi tena, ingawa kodi ya mwezi mzima alikuwa ameshalipa. Ufunguo tuliukuta kwenye kizingiti. Bibi anasema biashara ilimshinda. Mimi najua nilirudisha begi upande usio wake.

Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani chumba kilikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, binti wa rika langu. Bibi alikuwa amenuna. Mwalimu ameweka komeo lake mlangoni na kufuli jipya, la shaba, zito, na ufunguo wa pili hajaukabidhi. "Chumba changu mwenyewe," Bibi akaniambia, tumekaa ukumbini tunachagua mchele. "Mvua ikivuja nitaingia vipi? Ananiona mimi mwizi?"

Niliendelea kutoa chuya. Kufuli lile nilinunua mimi, Kariakoo, mwalimu alipoomba kwa simu nimletee.